Kulia Chini, Kushoto Juu

Misao aliamka saa kumi na nusu alfajiri, nyenje hawajaanza kelele zao, akakaa juu ya godoro na kuanza kujihoji kama askari anavyomhoji mwizi. Leo tarehe ngapi? Kumi na tatu Agosti. Siku gani hiyo? Siku ya kwanza ya Obon, wafu wanarudi majumbani kwao. Nani mwingine anakuja? Tomoe, binti yangu, kwa boti ya saa nne kasoro robo. Na nani? Na mtoto wake. Mtoto wake anaitwa nani?

Hapo akakwama. Akapapasa gizani mpaka kwenye aproni iliyotundikwa msumarini, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akawasha taa. Ibuki. Miaka sita. Msichana. Hali bilinganya. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Akalitamka lile jina taratibu, tena na tena, mpaka likamkaa mdomoni, kisha akairudisha karatasi mfukoni. Wangelala usiku mmoja tu, Tomoe hakupewa likizo zaidi ya hapo. Siku moja, akajiambia, siku moja nitaiweza.

Usimcheke. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwezi wa nne alimpigia Tomoe simu kumuuliza kipimo cha mabega ya mtoto, maana alitaka kumshonea yukata, joho jepesi la pamba la kuchezea ngoma ya Obon. Nusu saa baadaye akampigia tena akamuuliza vilevile. Jioni akapiga mara ya tatu. Safari hii Tomoe akasema maneno ambayo Misao, aliyesahau mengi, hakuyasahau hata siku moja: "Mama, nikija nikakuta jambo moja tu haliko sawa, jambo moja, tunaondoka wote." Baada ya wiki ikaja barua yenye picha ya chumba huko ng'ambo ya kisiwa, katika nyumba ya wazee, ghorofa ya nne. Chumba kisafi, kitanda cha chuma, maua ya plastiki. Misao aliitazama sana ile picha. Dirisha lilikuwa na kizuizi, halifunguki zaidi ya kiganja.

Na jambo lenyewe lilikuwapo, tena limezikwa nyuma ya nyumba. Mwezi wa sita aliinjika maharage, akaenda kung'oa magugu, akayasahau moja kwa moja. Jirani yake Yasugoro, mvuvi wa pweza, mzee wa miaka themanini na mbili asiye na mke wala adabu, aliona moshi ukitoka dirishani akaingia na ndoo ya maji ya bahari. Nyumba ilipona. Sufuria haikupona. Walichimba shimo chini ya mchenza wakaifukia wawili, kimyakimya, kama wezi, na Yasugoro akaapa kwa mashua yake kwamba hatasema. Kisha akaongeza, huku akijipangusa masizi, kwamba hafanyi hisani ya bure. Siku yake ikifika, Misao ndiye atakayemwosha na kumvika, si wale vijana wa ng'ambo wanaokuja na glavu.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Misao pale kisiwani. Mama mkwe wake alimrithisha akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na minne, na tangu hapo hakuna mtu aliyekufa kisiwani bila kupita mikononi mwake. Sitini na watatu, akiwamo mumewe Isamu. Aliwaosha kwa maji ya uvuguvugu, akawavika joho jeupe, ubavu wa kushoto ukitangulia mwilini na wa kulia ukija juu, na mkanda akaufunga fundo la kusimama. Walio hai huvaa kinyume chake: kulia chini, kushoto juu, na fundo linalala. Kila mtu anajua. Hata mtoto mdogo akikosea asubuhi hupigwa kofi dogo la mkono na kugeuziwa nguo haraka, kabla balaa halijamwona.

Boti ilifika kwa wakati wake. Tomoe alishuka na mkoba mmoja, amekonda, macho mekundu ya mtu aliyefanya kazi wiki nzima bila mapumziko. Nyuma yake akashuka msichana mwenye kofia ya majani.

"Karibu, Ibuki," Misao akasema mara moja, kabla ya salamu nyingine zote, na akaona mabega ya Tomoe yakishuka kidogo. Moja limepita.

Walipanda njia ya mawe kuelekea nyumbani. Yasugoro alikuwa amejibanza getini kwake na pweza mkononi, na Misao alipomwona tu akajua kwamba leo atamharibia. Mtu yule hajui kudanganya kidogo. Akamkabidhi Tomoe pweza akaanza: mama yako huyu, mwanangu, ana akili kuliko serikali, juzi kanikumbusha tarehe niliyozaliwa, kanitajia mashua zote zilizowahi kuzama toka vita viishe, na jikoni kwake, nakwambia, jikoni kwake hakujawahi kutoka moshi hata kidogo. Misao alitamani ardhi impasukie. Tomoe alimtazama mzee, akamtazama mama yake, akasema asante kwa pweza, mjomba.

Nyumbani, kitu cha kwanza alichofanya Tomoe ni kufungua friji. Alisogeza mabakuli, akanusa tofu, akasoma tarehe chini ya chupa za mchuzi wa soya. Misao alisimama nyuma yake akikunja na kukunjua kitambaa cha vyombo. Friji alikuwa ameisafisha jana mara mbili, au mara moja, na hakuwa na hakika kama miwani yake haimo humo. Haikuwamo. Tomoe akaufunga mlango, akaenda kukagua dawa, akahesabu vidonge kwenye kile kisanduku chenye siku za wiki. Vilikuwa sawa. Usiku uliopita Misao alivihesabu mpaka vidole vikaingia ganzi.

Asubuhi ikaenda polepole, kama siku zote za kiangazi kisiwani, ambako kukiwa na joto hata mbwa hubadilisha kivuli bila haraka. Misao na mjukuu wake waliketi kibarazani wakatengeneza wanyama wa wafu: farasi wa tango, wa kuwaleta mbio, na ng'ombe wa bilinganya, wa kuwarudisha taratibu. Ibuki alichomeka vijiti vya miguu akauliza kama babu Isamu, mnene vile, hatamvunja farasi. Misao akacheka kicheko cha kweli. Alijisahau kidogo, akaingia ndani kufuata ubani, na aliporudi mtoto hakuwapo kibarazani. Alikuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa chini ya mchenza, anachimba na kijiko akitafuta mabuu ya nyenje. Pembeni ya goti lake ulikuwa umechomoza mpini mweusi.

"Bibi, hiki nini?"

Misao alitupa jicho dirishani. Tomoe alikuwa jikoni, dirisha wazi, hatua kumi. Akamwinamia mtoto akamnong'oneza kwamba pale ni kaburi la paka, na siku za Obon makaburi hayachimbwi. Ibuki alifumba mdomo kwa mikono miwili. Wakaurudisha udongo pamoja, mtoto akakunja viganja akamwomba paka msamaha, na Misao, Mungu amsitiri, akakunja viganja naye.

Mchana walikula tambi nyembamba zilizopozwa kwenye maji ya barafu, na mchuzi wa dagaa wa kuchovya. Misao aliuonja mara tatu kabla ya kuuleta, akihofia sukari imekaa mahali pa chumvi. Chumvi ilikuwa mahali pake. Tomoe alikula mabakuli mawili, na kwa mtu aliyekataa matonge ya wali ya mama yake tangu akiwa na miaka tisa, hilo lilikuwa jambo. Enzi hizo watoto wenzake shuleni walimwambia kwamba mikono inayosokota wali wake ndiyo inayoosha maiti. Hakuugusa tena. Misao hakumlaumu, lakini hakuacha kuhesabu mabakuli.

"Bibi," Ibuki akauliza mdomo umejaa, "paka alikuwa anaitwa nani?"

Tomoe akaweka chini vijiti vyake vya kulia. "Paka gani? Mama, wewe hujawahi kufuga paka."

"Wa Yasugoro," Misao akasema.

"Mjomba Yasugoro anachukia paka."

"Ndiyo maana amekufa."

Ibuki alicheka mpaka tambi zikamtoka puani. Tomoe naye akatabasamu, lakini macho yake yalibaki kwa mama yake muda mrefu kuliko tabasamu lenyewe.

Baadaye walipanda makaburini na ndoo na upawa. Huko Misao alikuwa na raha, kwa sababu huko hakusahau kitu. Alipita jiwe kwa jiwe akilimwagia maji na kulitaja: huyu alikuwa na kovu la ndoana begani, huyu nilimpaka rangi ya mdomo kwa kuwa aliniomba, huyu alikuwa na miguu midogo kama ya mtoto. Walipofika kwa Isamu, Ibuki akauliza kama wataogelea jioni. Tomoe akamwambia hapana, wakati wa Obon mtu haingii baharini, wafu wanapita majini na wanavuta miguu. Alilisema kwa sauti ya baba yake hasa, na Misao akashangaa kuona kwamba huko ng'ambo kote, na maghorofa yake yote, binti yake bado analiamini.

Wakateremka, wakala tikiti maji, wakalala. Feni ilizunguka. Tomoe alilala kifudifudi juu ya mkeka kama mtu aliyeangushwa. Misao hakuthubutu kufumba macho. Alihesabu saa zilizobaki: ngoma bandarini jua likizama, chakula, kulala, chai ya asubuhi, boti. Amefika mbali. Friji imepita, vidonge vimepita, paka amepita. Machozi yalimlengalenga kwa ajili ya mabonde ya mikeka ile na harufu ya kuta zile, akajisuta, akayafuta.

Saa kumi na moja kasorobo Ibuki aliamka, akamtambalia bibi yake, akamnong'oneza sikioni kwamba anataka kuvaa yukata yake sasa hivi, mama akiamka amkute amependeza.

Misao aliitoa kabatini. Ilikuwa ya pamba ya bluu, yenye samaki wa dhahabu, na kila mshono alishona yeye. Mtoto akasimama wima amenyoosha mikono, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, Misao hakuogopa chochote. Hakuwa na la kukumbuka. Mikono ilijua yenyewe. Ikavuta hapa, ikalaza pale, ikazungusha mkanda mwekundu mara mbili, ikafunga, ikalainisha mikunjo mgongoni. Ibuki alilalamika kwamba mkanda unambana. Akaambiwa watu wazuri hubanwa. Akavaa mitalawanda yake ya mbao akatoka uani, na ile mitalawanda ikasikika koko, koko, koko juu ya mawe.

Misao alikusanya mabaki ya nyuzi. Akawasha kijiti cha ubani mbele ya kabati la mababu, akainua uso kumtazama Isamu kwenye picha. Ilipigwa akiwa na miaka hamsini, bandarini, amevaa yukata, anacheka. Kuna kitu hakikuwa sawa kwenye ile picha. Misao akasogea. Nani ameigeuza? akajiuliza. Mbona amevaa kinyume, kushoto juu? Alikuwa karibu kukasirika, karibu kumwita Tomoe amuulize nani aliyeichezea picha ya baba yake, ndipo baridi ikaanza miguuni ikampanda mpaka kwenye nywele.

Picha ilikuwa sawa. Watu hai huvaa hivyo.

Aliitazama mikono yake. Kisiwa kilikuwa hakina mtoto kwa miaka ishirini na mbili. Walio hai hujivika wenyewe. Kwa miaka ishirini na mbili mikono hii haikumvika mtu hata mmoja anayepumua, na leo ilipopewa mwili uliosimama kimya, umenyoosha mikono, ilifanya iliyoyazoea. Kushoto kukatangulia, kulia kukaja juu. Na fundo, Mungu wangu, fundo aliliacha limesimama.

Alitoka uani. Mtoto hakuwapo. Chini ya mchenza hakuwapo. Njiani hakukuwa na mlio wa mitalawanda. Siku ya kwanza ya Obon, milango ya wafu imeachwa wazi, bahari ina mikono, na Misao amewafungashia mtoto tayari, amewafungia na mkanda.

Hofu mbili zilimshika kwa mpigo, ya mtoto na ya nafsi yake, na sitamtetea kwamba ile ya mtoto ilikuwa peke yake. Kutoka mlangoni akamtazama Tomoe, amelala. Akimwamsha, amekwisha, chumba cha ghorofa ya nne kinamngoja. Asipomwamsha, mtoto atakuwa hajafika mbali, atamkuta, atamgeuzia nguo kichakani kwa dakika moja, na hakuna atakayejua. Akavaa kandambili akashuka njia ya mawe, mkono ukutani, magoti yakimlilia kila ngazi. Kipaza sauti cha kijiji kikaanza kupiga wimbo wake wa saa kumi na moja. Akafika panapogawanyika njia, moja ikienda bandarini, nyingine makaburini.

Akasimama.

Alikuwa anakwenda wapi? Aliona njia mbili, ukuta, nyasi zilizokauka. Jasho lilimtiririka. Moyo ulikuwa unampiga vibaya sana, kwa hiyo kulikuwa na jambo, jambo baya, lakini jambo gani? Maharage? Akanusa hewa. Hakuna moshi. Akatia mkono mfukoni akatoa karatasi, akasoma. Ibuki. Miaka sita. Msichana. Hali bilinganya. Akaisoma tena, na hofu ikabaki vilevile, kubwa, haina jina. Wimbo wa kipaza sauti ukaisha. Akainamisha kichwa, na pale chini, kwenye nyasi za njia ya bandarini, akaona mtalawanda mmoja mdogo wenye kamba nyekundu.

Yote yakarudi kwa mkupuo mpaka akashika ukuta.

Hapo ndipo Misao alipoamua, na aliamua haraka kuliko alivyowahi kuamua kitu. Kutoka pale mpaka gatini ni hatua mia mbili. Angeweza kusahau tena hatua ya hamsini, akakaa juu ya jiwe kupumzika, akatazama bahari, na mtoto akawa hana mtu. Aligeuka akapanda zile ngazi, nyingine kwa miguu, nyingine kwa mikono, akaingia ndani na viatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akamtikisa binti yake bega.

"Tomoe, amka. Nimemvisha mtoto kama maiti na sijui aliko. Nilimfuata, nikasahau ninamfuata nani. Kimbia wewe. Njia ya bandarini."

Tomoe aliruka miguu mitupu. Misao akamfuata nyuma kwa kadiri magoti yalivyomruhusu, akilisema jina kwa sauti njia nzima, Ibuki, Ibuki, Ibuki, lisipate nafasi ya kumtoroka.

Bandarini kulikuwa kutupu. Ngoma kubwa ilikwisha kutolewa, imefunikwa turubai, taa za karatasi zimefungwa kwenye kamba lakini hazijawashwa, watu wamekwenda kuoga kwanza. Tomoe alikimbia kwenye gati akiita. Kisha akaacha kuita. Alikuwa amesimama juu ya zile ngazi za mawe zinazoshuka majini, na Misao alipomfikia aliona alichokuwa anakitazama: mtalawanda wa pili, ngazi ya tatu kutoka juu, na maji yanapanda na kushuka ngazi ya nne. Tomoe akatoa sauti ambayo Misao alikuwa ameisikia kwenye nyumba sitini na tatu.

"Kuna nini huko? Mtaniamshia pweza."

Ilikuwa sauti ya Yasugoro, inatoka bandani kwake. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mbele yake, juu ya mitungi ya udongo ya kunasia pweza, miguu ikining'inia, Ibuki alikuwa anakula barafu ya kusaga yenye sharubati ya kijani. Tomoe alimfikia akamkumbatia mpaka bakuli likamwagika. Alimpapasa kichwa, mikono, nyayo. Mtoto akaeleza, akishangaa ghasia zote hizo, kwamba kiatu kimoja kilimvuka njiani, cha pili akakivua kwenye ngazi kwa sababu alitaka kuosha mguu, babu Yasu akamkamata kwa mkanda akamkaripia.

Misao hakutazama mguu wala uso. Alitazama kifua. Kulia chini, kushoto juu. Na mkanda ulikuwa umefungwa fundo la mvuvi, lile la kufungia nanga, baya kupita kiasi, limelala ubavu.

"Mkanda ulimlegea," Yasugoro akamwambia Tomoe, amekaza macho kwa Misao. "Nikamfunga mwenyewe. Bibi yake alimvisha vizuri sana. Vizuri kabisa."

"Mjomba," Tomoe akasema, "mama ameshaniambia."

Mzee aliweka kijiko chini. Misao alimjua mtu yule miaka hamsini na mitano, na hakuwahi kumwona amekasirika kwa kweli mpaka siku ile. Mzee akamuuliza kwa nini amesema. Jambo lilikuwa limekwisha, mtoto amegeuzwa nguo, amemwagiwa chumvi begani ya kufukuza balaa, amekula, hana habari. Dakika tano tu angekaa kimya, dakika tano. Misao akajibu kwamba hakuwa na hakika ya kuwa na hizo dakika tano. Na kwa kuwa alikwisha kufungua mdomo, akamalizia na sufuria. Alimweleza Tomoe palepale, amesimama, mikono imeshika aproni: maharage, moshi, ndoo ya maji ya bahari, shimo.

"Kwa hiyo paka ni sufuria," Tomoe akasema.

"Ndiyo."

Ibuki alimtazama bibi yake kwa huzuni kubwa. Alikuwa amemwombea yule paka.

Tomoe alikaa chini kwenye saruji, mtoto mapajani. Kisha akasema, bila kuinua sauti, kwamba atapiga simu kazini, watamkata siku au wasimkate, yeye haondoki kesho. Watakaa mpaka kumi na sita, wafu wanaporudi kwao, wamsindikize baba vizuri. Na tarehe kumi na saba, mama, tunaondoka wote.

Misao alisema ndiyo. Alishangaa kwamba neno lenyewe ni fupi hivyo. Siku nzima alikuwa amelikimbia, na sasa limekaa pale katikati yao na yeye bado anapumua.

"Na mimi?" Yasugoro akauliza. Hakuwa anatania. "Mimi nani atanivika?"

Akajikuna shingo, akavuta pumzi na kujirudishia uso wake wa siku zote. "Haya, basi nina siku nne. Nitajitahidi nife kabla ya boti."

Misao alimpiga begani kwa nguvu zake zote, na mkono ukabaki palepale begani, na mzee hakuusogeza.

Jua lilipoanza kushuka walirudi nyumbani. Waliwasha moto mdogo wa mabua mlangoni ili Isamu aione njia. Ngoma ilianza kusikika chini bandarini, mtu mmoja anaijaribu. Tomoe aliingia chumba cha ndani, akafungua kabati la zamani, akatoka na yukata yake ya usichana, ya rangi ya majivu yenye mistari, ile aliyoiacha hapo alipoondoka na miaka kumi na minane. Akaivaa mabegani, wazi, akaja kusimama mbele ya mama yake, mikono ameinyoosha.

"Nivishe, mama."

Misao alirudi nyuma hatua moja. Akasema mikono yake si ya kuaminiwa tena. Tomoe akasema anajua. Akabaki amesimama vilevile, kama mtoto wa miaka minane, kabla ya maneno ya watoto wa shule, alipokuwa bado anakubali kuguswa.

Misao alizishika pande mbili za nguo, moja kila mkono. Pamba ilikuwa baridi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akaitafuta picha ya Isamu, lakini giza lilikuwa limeanza kuingia ndani na kioo kilionyesha moto wa mlangoni tu. Hakujua. Alisimama pale na hofu yake mbele ya binti yake, bila karatasi, bila paka, bila kujificha.

"Sijui ni upi, mwanangu."

"Wa kulia kwanza," Tomoe akasema taratibu. "Huo. Uweke chini."

Misao akauchukua ubavu wa kulia, akaulaza kwenye kiuno cha binti yake, akaushikilia hapo, na mikono yake ikasubiri kuambiwa tena.